Boksi Mbili na Kijiti: Kuchagua cha Kusafishia Meno kwa Kuangalia Madini ya Ukoga

Dirishani mwa jiko letu, hapa Nkuhungu jijini Dodoma, kuna kikombe cha bati chenye vitu vitatu, na kila kimoja kina mtetezi wake ndani ya nyumba. Kuna dawa ya meno ya kawaida, ambayo boksi lake limeandikwa 1450 ppm kwa herufi ndogo karibu na mkunjo, yaani katika kila sehemu milioni za dawa, 1450 ni floraidi, madini ya kulinda meno. Kuna dawa nyeusi ya mkaa, iliyoletwa na mdogo wangu kwa sababu inasifiwa kung'arisha. Na kuna kijiti cha mswaki, ambacho mama huletewa kutoka Chamwino kikiwa kimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, naye hukitafuna kila alfajiri kabla hajasema na mtu.

Mama ndiye aliyesababisha ulinganisho huu. Siku tuliporudi kutoka kuziba jino la mjukuu wake wa miaka mitano, aliniuliza: "Mwanangu, mimi nina miaka 68 na meno yangu ninayo. Huyu anapigishwa mswaki kwa kolgeti asubuhi na jioni, mbona ana tobo?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa, kwa sababu swali lake linagusa jambo ambalo boksi za dawa hazilielezi vizuri, nalo ni madini yanayokaa ndani ya ukoga wenyewe, ule utando unaonata juu ya meno.

Kwa kawaida, tunapolinganisha vitu vya kusafishia meno, tunauliza kipi kinatakatisha zaidi. Swali hilo lina maana, lakini linatazama upande mmoja. Hakuna mswaki, wa dukani wala wa porini, unaoondoa ukoga wote; kiasi fulani hubaki kwenye mifereji ya magego na katikati ya meno yanayogusana, na huko kulikobaki ndiko meno yanakooza. Kwa hiyo swali la pili, ambalo mimi sasa naliona zito kuliko la kwanza, ni hili: baada ya kusafisha, kitu hiki kinauachia ukoga uliobaki madini gani?

Kinachotokea juu ya jino

Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, na madini hayo ni fuwele za kalsiamu na fosfeti. Ukoga ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya enameli hiyo, ule ambao ukipitisha ulimi asubuhi unausikia kama kitambaa. Bakteria hao, mmoja wao maarufu akiwa Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Katika miaka ya 1940, mtafiti wa Marekani aitwaye Robert Stephan alipima asidi hiyo ndani ya ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari, akaona kwamba huongezeka ndani ya dakika chache tu, kisha mate huchukua nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali ya awali. Kipimo cha pH, ambacho namba yake hupungua kadiri asidi inavyozidi, kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Kikipanda, madini huweza kurudi. Jino hupoteza na kurudishiwa namna hiyo kila siku, na tobo hutokea pale ambapo kwa miezi mingi linapoteza zaidi ya linavyorudishiwa.

Hapa ndipo madini ya ukoga yanapoingia. Fikiria kikombe cha chai ambacho umekitia sukari hadi nyingine imebaki chini haiyeyuki. Ukiongeza kijiko kingine, nacho kitabaki vilevile, kwa sababu chai imeshiba. Majimaji yaliyo kati ya bakteria wa ukoga hufanya hivyohivyo: yakiwa yamejaa kalsiamu na fosfeti, enameli haina pa kuyeyukia. Asidi hufanya kazi ya kuipasha chai moto upya, ili iweze kuyeyusha zaidi. Ukoga uliokwisha kuwa na akiba kubwa ya madini hustahimili asidi nyingi zaidi kabla jino halijaanza kuliwa, na ndiyo sababu tafiti nyingi zimeona uhusiano wa kinyume: palipo na kalsiamu, fosfeti na floraidi nyingi ndani ya ukoga, kuoza huelekea kuwa kidogo.

Ushahidi mwingine uko kinywani mwako mwenyewe. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo, karibu na matundu yanayotoa mate chini ya ulimi, ukoga hupata kalsiamu nyingi, na ndiyo maana ugaga, yaani ukoga uliogeuka jiwe, hujijenga hapo kuliko mahali pengine. Hayohayo ndiyo meno yanayooza kwa nadra kuliko yote. Mkazi wa Dodoma anaweza kuufananisha ugaga na ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa sababu ya maji yetu magumu ya visima, ingawa ukoko wa birika ni kalsiamu kaboneti na ugaga kwa sehemu kubwa ni kalsiamu fosfeti. Nisieleweke kwamba nausifu ugaga: hulinda ukoga mpya juu yake na kuumiza fizi, na mtu anaweza kupoteza jino zima lisilo na tobo hata moja kwa sababu ya fizi zilizochoka.

Dawa yenye floraidi

Floraidi hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, na hufanya kazi zaidi ikiwa papo hapo, ndani ya ukoga na mate, wakati asidi inapotokea. Baada ya kupiga mswaki, sehemu ya floraidi hunaswa ndani ya ukoga uliobaki; kalsiamu iliyopo huwa kama daraja, upande mmoja imeshika ukuta wa bakteria na upande wa pili imeishika floraidi. Asidi inapoongezeka, daraja hilo hulegea na floraidi huachiwa, wakati uleule inapohitajika. Inapokuwepo, madini hurudi kwenye enameli kwa urahisi zaidi, na fuwele mpya zinazojengwa nayo ni sugu zaidi: zinaanza kuyeyuka pH ikiwa karibu na 4.5, badala ya 5.5. Huo ni usalama mkubwa kwa kinywa kinachopokea chai ya sukari mara tatu kwa siku.

Maelezo hayo yanafafanua pia kwa nini namna ya kutumia dawa ni muhimu kama dawa yenyewe. Anayepiga mswaki vizuri kisha akasukutua kwa kikombe kizima cha maji ameiondoa akiba aliyotoka kuiweka. Inatosha kutema povu na kuacha. Watu wazima wengi hapa nyumbani walilipinga jambo hili, kwa kuwa tumelelewa kusukutua hadi maji yatoke meupe, na mimi mwenyewe ilinichukua wiki mbili kuzoea ladha iliyobaki mdomoni. Kupiga mswaki kabla ya kulala kuna faida ya pekee, kwani usiku mate hupungua na floraidi hukaa muda mrefu bila kuoshwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa kiwango cha kati ya 1000 na 1500 ppm. Kwenye boksi tafuta namba hiyo, na utafute jina la sodiamu floraidi au sodiamu monofluorofosfeti, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Dawa zinazosugulia kwa chokaa hutumia hiyo ya pili, kwa sababu sodiamu floraidi ya kawaida ingekamatwa na chokaa ndani ya tyubu kabla haijafika kinywani. Hata hiyo ya pili hupoteza nguvu kidogo kidogo ikikaa sana, hasa kwenye joto; kwa hiyo katika duka ambalo rafu inapigwa na jua la Dodoma kutwa nzima, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na usivutiwe na boksi lililofifia rangi hata kama limepunguzwa bei.

Dawa ya mkaa, na jamaa zake

Mkaa husugua na kunyonya rangi, na kwa madoa ya chai ya rangi unaweza kuonyesha tofauti siku za mwanzo. Nikiuweka kwenye mizani ya swali letu la pili, unatoka mtupu. Boksi la mdogo wangu nimeligeuza pande zote sita na halina floraidi, na dawa nyingi za aina hii haziwi nayo. Hata ikiwemo, mkaa una tabia ya kunyonya vitu, hivyo kuna hofu ya msingi kwamba huishika floraidi isifike kwenye ukoga. Chembe zake zikiwa kali, hupunguza pia enameli, ambayo ikiisha hairudi. Jino linalong'aa kwa kulikwangua linaelekea kuwa la njano baadaye, kwa sababu chini ya enameli kuna dentini, na rangi ya dentini ni ya njano.

Kuna mkaa mwingine ambao inafaa tuutofautishe. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, mkaa wa mifupa hutumika kuondoa floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu mfupa uliochomwa umebaki na fuwele za kalsiamu na fosfeti, ndugu wa damu wa fuwele za jino, na fuwele hizo huivuta floraidi popote zinapoiona. Mkaa wa miti hauna kitu hicho.

Dawa za mitishamba zisizo na floraidi, zile zenye picha ya mwarobaini au karafuu kwenye boksi, naziweka kundi moja na mkaa kwa upande wa madini, ingawa hazikwangui kama mkaa. Harufu yake ni nzuri na fizi huzifurahia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikusanya majaribio ya kusafisha meno bila floraidi, na hayakupata uthibitisho kwamba usafi peke yake unapunguza matobo. Matokeo hayo yalinishangaza nilipoyasoma mara ya kwanza. Ukikumbuka ukoga unaobaki kwenye mifereji ya magego, yanaanza kueleweka.

Chumvi na majivu sina mengi ya kusema juu yake: husugua, na basi. Magadi ni habari tofauti. Ni kweli kwamba hupunguza asidi, kwa kuwa yenyewe ni ya upande wa pili wa asidi, lakini magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi kwa kiasi ambacho hubadilika kutoka chanzo hadi chanzo na ambacho hakuna aliyekiandika kwenye kifungashio. Kumsugulia mtoto magadi menoni, au kulainishia maharage yake kila siku, ni kumpa dawa bila kujua kipimo.

Kijiti cha mama

Mswaki wa mti, ambao kitaalamu huitwa Salvadora persica, hauhitaji kuonewa huruma na mtu yeyote. Mama huikwangua ganda ncha moja kwa kisu, huitafuna hadi nyuzi zitengane ziwe kama brashi ndogo, kisha husugua jino mojamoja kutoka kwenye fizi kwenda juu, akitema na kuendelea, kwa muda ambao mimi na brashi yangu ya plastiki tungekuwa tumekwisha kumaliza mara tatu. Ncha ikichakaa huikata na kuanza upya, na kwa hiyo brashi yake ni mpya siku zote. Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza matumizi ya vijiti hivi mahali ambapo ni desturi, na tafiti zimeona kwamba mtu anayekijua vizuri anaweza kuondoa ukoga sawa na anayetumia brashi.

Kwa upande wa madini, kijiti kina kalsiamu, silika, na floraidi kidogo sana. Kikubwa zaidi ni kwamba kukitafuna kunaita mate kwa wingi, na mate ndiyo yanayouletea ukoga kalsiamu na fosfeti pamoja na kuzimua asidi. Kwa hiyo kijiti huacha ukoga ukiwa umelishwa na mate, jambo ambalo mkaa haufanyi. Lakini floraidi iliyomo haikaribii ya dawa ya dukani, na nyuzi zake hazifiki vizuri nyuma ya magego ya mwisho, ambako mtu analazimika kupinda kijiti hadi kivunjike. Mama mwenyewe, nilipomtazama kwa karibu, ana magego mawili aliyong'olewa tangu zamani, upande wa nyuma kabisa kushoto. Alikuwa ameyasahau.

Maji na ubuyu huyabadilisha majibu

Ulinganisho wa dawa hauwezi kukamilika bila kuuliza nyumba inakunywa maji gani. Maji ya bomba ya Dodoma, ambayo kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora, ni magumu, na ugumu huo kwa jino si adui: utafiti uliofanywa nchini Denmaki na kuchapishwa mwaka 2008 uliona kwamba kalsiamu na floraidi za kwenye maji, kwa pamoja, ziliendana na upungufu wa kuoza. Floraidi ndiyo inayohitaji tahadhari. Kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na katika ukanda wa Bonde la Ufa, ikiwemo Singida, Manyara na Arusha, kuna visima vinavyokipita. Visima viwili vya vijiji jirani vinaweza kutofautiana sana. Floraidi haina ladha wala harufu, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Yanapopungua kwa mvuke, huizidisha kidogo.

Madhara yake kwa meno huja wakati jino linapojengwa ndani ya taya, yaani miaka ya utotoni hadi kama 8 hivi, ambapo floraidi nyingi inayomezwa huacha mabaka meupe au ya kahawia yasiyosafishika kwa brashi yoyote. Daktari wa meno Frederick McKay aliyaona mabaka kama hayo Colorado Springs, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, akashangaa kwamba meno hayo mabaya kwa sura hayakuwa yakioza kirahisi, na ilipofika mwaka 1931 chanzo kikajulikana kuwa ni floraidi ya maji. Kwa hiyo familia inayotumia kisima chake huko Singida, au inayochimba kisima kipya Nzuguni hapa Dodoma, ifanye kipimo kwenye maabara ya maji kabla ya kuamua chochote kuhusu watoto wadogo. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hapati mabaka kwa dawa ya meno, hata akiishi wapi.

Sasa nirudi kwenye tobo la mjukuu. Tulipokaa na kuhesabu, tuligundua kwamba mtoto hununua ubuyu wa rangi akitoka shule ya awali na hubaki na mbegu mdomoni hadi jioni, akiihamisha kutoka shavu hadi shavu kama mtu anayehesabu tasbihi. Unga wa ubuyu una asidi yake ya asili, na ule wa rangi umepikwa kwa sukari. Mtoto wetu alikuwa anaushusha ukoga wake kwenye asidi upya kila baada ya dakika chache, na mate hayakupata ile nusu saa. Jambo baya zaidi, ambalo watafiti wa Brazili walilionyesha kwa kupima ukoga wenyewe, ni kwamba ukoga unaokua ukioga kwenye sukari mara kwa mara huwa maskini wa kalsiamu, fosfeti na floraidi. Akiba huyeyushwa na kuondoka, na bakteria hujaza nafasi kwa gundi wanayoitengeneza kutokana na sukari. Ukoga wa namna hiyo hauna kalsiamu ya kutosha kuishika floraidi, hata ukiwekewa kila asubuhi.

Mama alipendekeza dagaa. Dagaa ni chakula kizuri na simkatalii mtu, lakini kalsiamu yake huenda tumboni, na ile ya kwenye mate mwili huipangia kiwango chake wenyewe. Maziwa yasiyotiwa sukari yana nafasi bora kidogo, kwa kuwa protini yake ya kasini hubeba kalsiamu na fosfeti na huweza kunata kwenye ukoga inapopita. Karanga, kitafunwa kisichonata kama pipi, huita mate bila kuwalisha bakteria sukari.

Nani achague nini

Kwa mtu mzima anayeishi Dodoma mjini, dawa yenye floraidi ya kati ya 1000 na 1500 ppm ndiyo chaguo langu bila kusita, na bei yake isimzuie mtu, kwa sababu dawa ya bei ndogo yenye namba hiyo inashinda dawa ya bei kubwa isiyo nayo. Anayependa kijiti asikiache. Akitumie asubuhi kwa uhodari wake, na usiku kabla ya kulala apige brashi na dawa ili afike kwenye magego ya nyuma. Asiyetaka brashi kabisa anaweza kupaka dawa kidogo kwenye nyuzi za kijiti, jambo ambalo mama alilicheka kwanza, kisha akalijaribu, na sasa analifanya kama ni wazo lake.

Mkaa ningeuachia mwenye madoa anayejua anachofanya, mara chache, na usiku uleule apige dawa ya floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakwe dawa ya 1000 ppm kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, mzazi akikamua mwenyewe na kusimama hapo hadi mtoto ateme, kwa kuwa utamu wa dawa za watoto huwafanya waimeze. Palipo na kisima kilichothibitishwa kuwa na floraidi nyingi, cha kwanza kubadilisha ni maji ya kunywa na kupikia ya mtoto. Juu ya dawa, mzazi azungumze na daktari wa kinywa na meno akiwa na karatasi ya majibu ya maabara mkononi.

Kwetu, kikombe cha bati bado kina vitu vitatu, ila dawa nyeusi imesogezwa nyuma na imeanza kukauka mdomoni mwa tyubu. Ubuyu haukupigwa marufuku. Huliwa Jumamosi mchana mara baada ya chakula, mbegu hutemwa kwenye kibakuli zikihesabiwa na bibi mtu, kisha mtoto hunywa kikombe cha maji.